Kopo la Mawe na Umri wa Dunia: Maisha ya James Hutton

Katika ziara zetu za kuwaangalia wanachuo walioko kwenye mazoezi ya kufundisha, tuliwahi kuketi nyuma ya darasa la tano lililokuwa likijifunza jinsi miamba inavyochakaa. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amejiandaa vyema. Kila kikundi kilipewa kopo lenye kifuniko, vipande ishirini vya matofali ya kuchoma na maji kidogo. Watoto wakatikisa makopo yao kwa zamu, wakihesabu kwa sauti, hata mikono ikachoka. Kisha wakamimina maji katika kitambaa, wakaona tope jekundu limebaki, wakapapasa pembe za vipande vile wakakuta zimeviringika. Somo lilikuwa zuri, wala hatusemi hivyo kwa kumfariji mtu. Tatizo lilikuja mwishoni, pale mtoto mmoja aliponyoosha mkono na kuuliza kama mlima uliokuwa ukionekana dirishani ungekwisha kabla yeye hajamaliza shule. Wenzake wakacheka, mwalimu naye akacheka. Ubao ukafutwa, kengele ikalia.

Mtoto yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameyaamini macho yake. Kama dakika kumi zatosha kuviringa tofali, basi miaka miwili yatosha kuuondoa mlima. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa yetu sisi walimu, tuliompa mawe na maji na tukasahau kumpa muda. Ndiyo maana tumeonelea vyema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyehangaika na swali hilohilo la mlima na mwisho wake kwa takriban miaka thelathini, na ambaye pia alikuwa na mashaka makubwa juu ya majaribio ya aina ya kopo.

James Hutton alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwaka 1726. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, naye alifariki mtoto angali mdogo sana, akalelewa na mama yake. Akiwa na umri wa miaka kumi na minne aliingia chuo kikuu cha mji huo. Alipofikisha miaka kumi na saba aliwekwa kwa mwanasheria ajifunze ukarani, lakini muda wake mwingi aliutumia kuwaonyesha makarani wenzake majaribio ya kemia badala ya kunakili hati. Mwanasheria huyo, kwa hekima, akamwachilia aende akatafute kazi inayomfaa. Akasomea uganga, kwanza kwao, kisha Paris, na mwaka 1749 akapata shahada ya udaktari huko Leiden, Uholanzi. Hata hivyo hakuifanya kazi ya uganga. Pamoja na rafiki yake James Davie alivumbua njia ya kupata chumvi ya amonia kutokana na masizi ya mabomba ya moshi ya Edinburgh, chumvi iliyohitajiwa na wafua vyuma na wapaka nguo rangi, na biashara hiyo ikampatia kipato kwa miaka mingi. Msomaji na alikumbuke jambo hili la masizi, kwa maana tutaona baadaye kwamba mtu aliyeyatilia shaka majaribio hakuwa mgeni wa majaribio.

Kilichomfanya Hutton awe Hutton ni shamba. Alikuwa amerithi ardhi katika jimbo la Berwickshire, kusini mashariki ya Uskoti, mahali paitwapo Slighhouses. Kabla ya kuanza kulima alikwenda Norfolk, upande wa mashariki wa Uingereza, akaishi na wakulima ili ajifunze kazi kwa mikono yake, na baadaye akaleta Uskoti plau ya huko pamoja na mtu wa kuiendesha. Ni katika safari hizo ndipo alipoanza tabia iliyowashangaza wenzake: kila shimo, kila mtaro, kila ukingo wa mto alioupita alikuwa lazima ainame autazame ndani. Kuanzia mwaka 1754 hivi alikaa shambani kwa muda wa miaka kama kumi na minne, akiondoa mawe, akichimba mitaro ya kutoa maji, akitia chokaa udongoni.

Mkulima anayechimba mitaro huona jambo ambalo msomaji wa vitabu hulikosa. Mvua ikinyesha, maji ya mtaroni hugeuka rangi ya shamba. Udongo huo haurudi. Huenda kijitoni, kijito huenda mtoni, na mto huenda baharini. Hutton aliona pia kwamba udongo wenyewe umetoka kwenye mwamba uliooza: chini ya tabaka jeusi la juu kuna changarawe, chini ya changarawe mna mwamba uliopasukapasuka, na chini yake mwamba mzima. Kwa hiyo mwamba hufa ili udongo upatikane, na udongo husafirishwa ili bahari ijae. Bila udongo hakuna mmea, na bila mmea hakuna mnyama wala mtu. Lakini kama mambo ni hayo tu, nchi kavu yote ina mwisho, na mkulima anaushuhudia mwisho huo kila masika. Hutton, aliyeamini kwamba dunia imepangwa kwa hekima ili viumbe wapate kuishi, hakukubali kwamba mpango huo una tundu kubwa namna hiyo. Lazima, aliwaza, iwepo kazi nyingine inayotengeneza nchi mpya kwa mali ya nchi iliyobomoka.

Mwanachuo anayetaka kulianza somo hili asianze na kopo. Awatoe watoto nje. Karibu kila shule ina korongo, barabara iliyokatwa ukingoni mwa kilima, au shimo la taka lililochimbwa mwaka huu. Hapo watoto watazame matabaka kutoka juu hadi chini, wachukue konzi moja ya kila tabaka, wazipange darasani kwenye magazeti makuukuu. Wale walioko Mwanza au Dodoma wanayo mawe makubwa ya granaiti mbele ya macho yao, yenye maganda yanayobanduka kama ya kitunguu. Ukilisugua ganda kwa kidole, chembe zinaanguka, zingine ziking'aa, zingine zimekwisha kuwa udongo. Walioko pwani wanayo mawe ya matumbawe. Matone machache ya ndimu juu ya jiwe la tumbawe lililopondwa yatatoa mapovu, nalo ni jambo jema la kuonyesha kwamba maji yenye asidi hula mwamba. Tunatoa tahadhari moja, kwa kuwa tumeona aibu ikiwapata wengi: chaki nyingi za ubaoni siku hizi zimetengenezwa kwa jasi, hazitoi povu hata ukizilowesha kwa ndimu gunia zima. Tumia ganda la konokono au la yai.

Karibu mwaka 1768 Hutton aliliacha shamba akarudi Edinburgh, akawa miongoni mwa watu kama Joseph Black mwanakemia na Adam Smith mwanauchumi, ambao walikutana kula, kunywa na kubishana. Hakuwa na haraka. Mpaka alipokaribia miaka sitini hakuwa ametoa maandishi juu ya wazo lake kuu. Mwaka 1785 ndipo Chama cha Kifalme cha Edinburgh, kilichokuwa kimeanzishwa miaka miwili tu nyuma yake, kilipolisikia. Sehemu ya kwanza ilisomwa mwezi Machi na rafiki yake Black, kwa sababu Hutton mwenyewe aliugua; ya pili aliisoma mwenyewe mwezi Aprili.

Wazo hilo, kwa lugha ya darasani, lilikuwa hivi. Miamba mingi ya nchi kavu imejengwa kwa mchanga, kokoto na makombe, yaani mabaki ya nchi za kale zilizochakaa na kumwagwa chini ya bahari. Huko chini mabaki hayo yaligandamizwa yakawa mwamba, na joto la ndani ya dunia likayanyanyua yakawa nchi tena, ambayo nayo ilianza kuchakaa papo hapo. Joto hilohilo liliyeyusha mawe na kuyasukuma kwenye nyufa za miamba iliyotangulia. Duara hili halikuonyesha mahali lilipoanzia. Na kwa kuwa kazi ya kubomoa ni ya polepole mno, kama kila mkulima ajuavyo, muda uliotumika hauwezi kupimwa kwa maisha ya watu.

Leo maneno haya hayamshtui mtu. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya walishika hesabu iliyotolewa na maandiko, iliyoipa dunia umri wa miaka kama 6,000. Wengine, wafuasi wa Abraham Werner wa Ujerumani, walifundisha kwamba karibu miamba yote, hata granaiti, iliganda kutoka katika maji ya bahari moja ya kale iliyoifunika dunia. Hutton alihitaji ushahidi. Mwezi Septemba mwaka huohuo wa 1785 alipanda milimani mpaka bonde la Glen Tilt, na katika kitanda cha mto akakuta granaiti nyekundu imepenya kama mizizi ndani ya mwamba mweusi wa matabaka. Kitu kinachopenya lazima kiwe kilikuwa laini, na kinachopenywa lazima kiwe kilikuwapo kwanza. Kwa hiyo granaiti si mwamba wa awali, na ilikuja ikiwa imeyeyuka. Furaha yake ilikuwa kubwa hata wale waliomwongoza njia wakadhani mzee amegundua dhahabu.

Ushahidi wa muda aliupata mwaka 1788. Alipanda mashua pamoja na John Playfair, profesa wa hisabati, na kijana James Hall, mwenye mashamba na mpenzi wa kemia, wakafuata pwani ya Berwickshire hadi kwenye rasi iitwayo Siccar Point. Mawimbi yalikuwa yameosha genge likabaki tupu. Chini yalisimama matabaka ya mwamba wa kijivu, wima kama vitabu katika kabati. Juu yake, yakiwa yamelala karibu sawasawa, yalikuwa matabaka mekundu ya mawe ya mchanga, na mpakani mlikuwa na vipande vya ule mwamba wa kijivu vilivyonaswa ndani ya mwekundu.

Hebu tusome genge hilo pole pole kama Hutton alivyowasomea wenziwe. Mchanga na tope la kijivu lilitua chini ya bahari likiwa limelala, kwa sababu tope halitui wima. Likawa mwamba. Likakunjwa likasimama. Likanyanyuliwa juu ya maji. Likachakaa, likakatwa kilele chake, vipande vikasambaa. Kisha mchanga mwekundu ukatua juu yake, nao ukawa mwamba, nao ukanyanyuliwa. Na sasa bahari inayala yote mawili. Kila sentensi kati ya hizi inahitaji muda ambao kopo letu haliwezi kuuonyesha. Playfair alieleza baadaye jinsi alivyopatwa na kizunguzungu kwa kuitazama nyuma hiyo ndefu. Wataalamu wa leo, kwa vipimo ambavyo Hutton hakuwa navyo, wanakadiria kwamba kati ya mwamba wa kijivu na ule mwekundu ilipita miaka milioni 65 hivi, na kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5.

Tarakimu hizi hazimwambii mtoto kitu. Kwa hiyo nendeni naye kiwanjani na rula. Milimita moja iwe mwaka mmoja. Mtoto wa miaka kumi ni sentimita moja, upana wa kidole chake. Kuzaliwa kwa Hutton ni kama sentimita 30, yaani rula moja. Miaka 6,000 ya wapinzani wake ni mita sita, toka ukuta wa darasa mpaka ukuta wa pili. Miaka iliyopotea mpakani mwa Siccar Point ni kilometa 65. Na umri wa dunia ni kilometa 4,500: ni kupanda treni Dar es Salaam kwenda Kigoma, kurudi, kwenda tena, na kurudi hadi kukaribia Dodoma, huku kila milimita ya reli ikiwa ni mwaka. Tumeona watoto wakinyamaza kabisa hapo, na tungependa mwalimu naye anyamaze kidogo.

Maandishi ya Hutton yalichapishwa mwaka 1788, na mwaka 1793 Richard Kirwan wa Ireland akayashambulia vikali. Hutton, ingawa alikuwa akiteswa na ugonjwa wa kibofu, alijibu kwa kutoa vitabu viwili vikubwa mwaka 1795. Ni lazima tuseme ukweli juu ya vitabu hivyo: havisomeki. Sentensi zake ni ndefu, hoja zinarudiwa, na kurasa nyingi zimejaa maneno ya Kifaransa ambayo hakuyafasiri. Mtu aliyeweza kuwafanya wenzake washikwe na kizunguzungu mbele ya genge alishindwa kuwafanya wasomaji wake wafike ukurasa wa hamsini. Alifariki tarehe 26 Machi 1797, akazikwa Edinburgh katika kaburi ambalo lilikaa bila jina lake mpaka mwaka 1947. Kama si Playfair, huenda na wazo lake lingezikwa naye. Playfair alikaa miaka mitano akiyaandika upya mafundisho ya rafiki yake kwa lugha nyepesi na mpangilio mwema, na kitabu chake cha mwaka 1802 ndicho watu walichokisoma. Kwa maoni yetu Playfair ni ndugu yetu wa kazi kuliko Hutton, ingawa vyuo havimtaji.

Yafaa tuongeze kwamba Hutton alikosea pia. Alifikiri kila mwamba wa mchanga uligandishwa kwa joto. Leo tunajua kwamba mingi imegandishwa kwa uzito wa matabaka ya juu na kwa madini yaliyoachwa na maji katikati ya chembe.

Sasa tuje kwenye habari ya Hall, ambayo ndiyo iliyotufanya tuchague maisha haya. Wapinzani walimwuliza Hutton maswali mawili ya haki. Kwanza, jiwe lililoyeyushwa katika tanuri likipoa huwa kama kioo. Mbona basi granaiti imejaa chembechembe? Pili, mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa yake na kuwa chokaa laini, kama wachoma chokaa wetu wa pwani wajuavyo. Mbona basi, ikiwa yalipata joto chini ya ardhi, yamebaki mawe? Hutton alijibu kwamba chini kule joto hupungua polepole mno, na uzito wa juu huifungia hewa isitoke. Hall akapendekeza jambo hilo lijaribiwe. Hutton hakutaka. Aliona ni upuuzi kuhukumu kazi kubwa za dunia kwa kuwasha moto na kuchungulia ndani ya chungu kidogo. Hall, kwa heshima ya mzee wake, akangoja mpaka Hutton alipofariki, ndipo akaanza.

Akayeyusha mawe meusi ya volkano, akayapoza haraka yakawa kioo, akayapoza polepole yakarudi kuwa jiwe lenye chembe. Akajaza unga wa chokaa katika mitutu ya bunduki, akaiziba, akaitia tanurini. Mingi ilipasuka. Majaribio yake yalizidi 500, na katika baadhi yake unga ule ulitoka ukiwa jiwe gumu mithili ya marumaru. Mwanafunzi alimthibitisha mwalimu kwa njia ambayo mwalimu aliikataa.

Nani alikuwa na haki? Hall, tunasema, alikuwa na haki ya kujaribu, kwa kuwa alijua swali lake hasa: hakuuliza kama mtutu wa bunduki ni dunia, aliuliza kama uzito huifungia hewa. Lakini shaka ya Hutton nayo haikuwa ya bure. Mwaka 1936 David Griggs wa Marekani alipasha moto na kupoza kipande cha granaiti mara 89,400, sawa na usiku na mchana wa miaka 244, ili aone kama jua pekee hupasua mwamba kama vitabu vilivyosema. Jiwe halikuonyesha badiliko la kuonekana. Alipotumia maji katika kulipoza, ndipo lilipoanza kuharibika upesi. Bado tunaona wanachuo wakipasha jiwe katika jiko la mkaa, wakalitumbukiza ndani ya maji baridi, likapasuka, wakaandika ubaoni kwamba hivyo ndivyo jua linavyofanya. Sivyo. Hivyo ndivyo wapasua mawe wanavyofanya. Tena jaribio hilo ni la hatari, kwani jiwe lenye unyevu huweza kulipuka na kurusha vipande machoni. Tunashauri liachwe kabisa katika shule ya msingi.

Jaribio moja la Hall, kinyume chake, lafaa mno. Alitaka kujua ni nini kilichoyakunja matabaka ya pwani ya Berwickshire. Alitandika vitambaa juu ya meza, kimoja juu ya kingine, akaweka mlango wenye uzito juu yake, kisha akasukuma kutoka pande mbili kwa mbao. Vitambaa vikajikunja mawimbi mawimbi kama genge. Kanga sita za rangi mbalimbali, vitabu viwili vizito na mikono minne ya watoto vyatosha. Baada ya hapo chukueni udongo wa mfinyanzi wa rangi mbili, utandazwe matabaka, usimamishwe wima, ukatwe juu kwa kisu, kisha utandazwe udongo mwingine wa kulala juu yake. Hiyo ni Siccar Point mezani. Watoto waulizwe tabaka lipi ni kubwa kwa umri, na wamejuaje. Halafu waulizwe swali ambalo kwetu ni la lazima baada ya kila jaribio: ni kitu gani mezani hapa kisicholingana na kilichotokea kule? Watataja ukubwa, watataja ugumu, na mmoja atataja muda.

Mwalimu mwanafunzi tuliyemtaja mwanzoni alirudia somo lake wiki iliyofuata. Hakubadilisha kopo wala matofali. Aliongeza mawe matano ya aina mbalimbali, yaliyopimwa kwa mizani ya dukani na kuandikiwa namba kwa rangi, yakawekwa juu ya ukuta wa bustani ya shule yanyeshewe na kupigwa jua. Uzito wake uliandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari lililoachwa ofisini, pamoja na tarehe, ili yapimwe kila mwaka na darasa la tano litakalokuwapo. Mtoto aliyeuliza juu ya mlima ndiye aliyeandika tarakimu.